Kabla Hujanunua Bunduki ya Koyote, Sikiliza Aliyeingizwa Mjini

Juzi ndugu mmoja wa Kansas kaniandikia: "Kaka, nina mbuzi ishirini, koyote wamenizidi. Ninunue bunduki gani?" Koyote ni mnyama wa jamii ya mbwa wa huku Marekani, kama bweha wetu. Nikacheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo niliwahi kuuliza mimi, na jibu lake nililipia.

Mwaka wangu wa kwanza wa kufuga huku karibu na San Angelo, Texas, koyote walinimalizia vitoto vitano vya mbuzi. Nimekulia Singida, bweha nawajua, nikajiona mtaalamu. Dukani muuzaji akanitazama juu hadi chini, akaniuzia .308 (namba hizi ni majina ya aina za risasi), "ya kumaliza kazi". Bunduki ya kuangusha elk, kulungu mkubwa wa huku, jamani! Koyote wa huku mara nyingi hafikishi hata kilo 20. Kwa risasi tatu tu bega likavimba, nikaanza kufumba macho kabla sijafyatua. Koyote alisimama mita 80, nikapiga udongo.

Kwa hasira nikachukua ndogo kabisa, .22 ya kupigia sungura. Hili naliandika kwa aibu. Nilimpata, akapiga yowe, akazunguka akijing'ata ubavu, akatokomea vichakani. Nilifuata matone ya damu mpaka yakakatika. Jirani yangu, mzee aliyezeekea kwenye kondoo, hakunigombeza. Aliuliza tu: "Mbuzi wako ungemfanyia hivyo?" Mpaka leo linanichoma.

Ni yeye aliyeniazima .223. Kichwa chake cha greni 55, yaani gramu tatu na nusu hivi, hutoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 980 kwa sekunde, wala bega halijui kama umefyatua. Risasi zake zinapatikana kirahisi, kwa hiyo unafanya mazoezi. Rudia hapo: unafanya mazoezi! Wanaopiga mbali kwenye nyanda tupu hupenda .22-250 kwa mbio zake, au .243 ambayo kichwa chake kizito hakipeperushwi ovyo na upepo. Sawa. Lakini kama shamba lako ni vichaka kama langu, huoni zaidi ya mita 150, hiyo mbio unamkimbizia nani? Na kama unauza ngozi, .243 itakuchania.

Darubini ya bunduki nayo: ya kukuza mara 3 hadi 9 inatosha. Mimi nilinunua ya kukuza mara 24. Koyote akaja mbio kufuata filimbi ya kuigiza mlio wa sungura, akasimama karibu kabisa, nikaona manyoya tu, sijui ni shingo au mkia.

Na ndugu zangu wenye viza za masomo, msikurupuke. Mwenye green card, yaani kibali cha ukazi wa kudumu, anaruhusiwa kununua. Sheria ya shirikisho kwa kawaida inawakataza wenye viza za muda. Kwenye fomu 4473, ile unayojaza ukinunua bunduki dukani, usidanganye, hata kidogo.

Jumamosi alfajiri, nyasi zimeganda barafu, nilipuliza filimbi. Koyote akazunguka kutafuta upepo ili anuse, kama kawaida yao. Nikasubiri mpaka nyuma yake pawe na tuta la udongo, maana risasi ikikosa lazima iwe na pa kufia. Mita 90. Moja tu, hakupiga hatua.

Ile .308 bado imelala kwenye sefu, nimeifyatua mara kumi na moja maisha yake yote. Naiuza, ila kwa mkazi wa Texas. Nje ya jimbo lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni, na mimi na wauzaji tulishaachana.