Simu Iliyolala Kifudifudi

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: "Siku ulipomaliza kulipa deni lililokusumbua, ulijisikiaje?" Nadhani wengi watawaandikia kwamba walilala usingizi mnono. Mimi nilimaliza Agosti 2025, na usiku ule nilikesha. Sikuwa na furaha wala huzuni. Nilikuwa nimejilaza nikisubiri simu iite, na kulipopambazuka bila kuita, nikaona kama kuna jambo limeharibika. Kulipa fedha lilikuwa jambo moja na kupona ni jingine, na hilo la pili bado sijalimaliza.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro. Januari 2023, wanangu wawili walipohitaji sare na madaftari na mshahara ukiwa bado mbali, nilipakua programu ya mikopo kwenye simu nikaomba shilingi 80,000. Zilizoingia zilikuwa 56,000, kwa sababu 24,000 zilikatwa palepale kwa jina la ada ya huduma, na nilitakiwa kurejesha 80,000 zote ndani ya siku saba. Mwalimu anayefundisha asilimia alishindwa kupiga hesabu ile, au tuseme hakutaka kuipiga: kwa kila shilingi mia niliyopokea nilikuwa nalipa karibu arobaini na tatu za ziada kwa wiki moja, katika nchi ambayo taasisi ndogo za fedha zenye leseni zimewekewa ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi mzima. Siku ya saba sikuwa nazo, nikakopa kwenye programu ya pili ili nilipe ya kwanza. Kufikia katikati ya 2024 zilikuwa sita, na juu yake nilikuwa nimeangukia mikononi mwa mkopeshaji wa kausha damu, yaani mikopo ya mitaani yenye riba ya kunyonya, ambaye hakudai hati wala mdhamini. Alichotaka ni kadi yangu ya benki na namba yake ya siri.

Kila mshahara ulipotoka nilikutana na kijana wake mbele ya mashine ya kutolea fedha. Alikuwa na kadi nyingi zilizofungwa kwa mpira, mfano wa karata, naye alizichambua mpaka akaifikia yangu, akaitumbukiza, akatoa fedha, akahesabu chake, kisha akanikabidhi kilichobaki akisema, "Hesabu kabisa, mwalimu, usije ukasema nimekupunja." Kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Hakuwahi kunitukana, aliniamkia shikamoo kila mara, na adabu ile iliniuma kuliko matusi. Nilizihesabu noti zangu chache mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni, kisha nikaenda nyumbani kumwambia mume wangu kwamba makato ya mshahara yameongezeka tena.

Naomba niseme zaidi juu ya uongo huo, maana ndio ulionimaliza. Ukosefu wa fedha nilikwisha kuuzoea tangu utotoni, lakini kuficha kulikuwa kazi mpya, isiyo na likizo. Nyumbani simu yangu ililala kifudifudi, mlio umezimwa, na nilikwenda nayo hata bafuni. Namba nisiyoifahamu ilipopiga, tumbo lilinikata kabla sijasikia sauti ya mtu. Niliacha kwaya kwa kuogopa michango, nikaacha kwenda kwenye vikao vya kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na wenzangu waliponiuliza nilisema presha inanisumbua. Siku moja nilimchapa binti yangu kwa kuvunja kikombe, kikombe cha shilingi elfu moja, na alipokuwa analia nilijua kabisa kwamba ninayemchapa siye yeye.

Juni 2024 wadai wa programu mojawapo walituma ujumbe kwa watu waliokuwa kwenye orodha ya majina ya simu yangu, wakiniita tapeli na kuwaambia kwamba niliwaandikisha kuwa wadhamini. Ulimfikia mwalimu mkuu, ukamfikia mama mkwe, ukawafikia wazazi wa wanafunzi wangu. Ulimfikia hata fundi bomba aliyewahi kutuzibia koki mwaka mmoja nyuma, naye ndiye wa kwanza kunipigia. Alisema, "Pole, mwalimu. Hata mimi ninao mkopo kama huo." Nilikuwa nimejifungia kwenye stoo ya vitabu ya shule, na nililia mpaka kengele ya kipindi ikagongwa.

Kuna watu huniambia kwamba ujumbe ule ulinisaidia kwa kuwa siri ilifichuka. Siwezi kuwashukuru waliouandika. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na majina ya watu yaliyomo kwenye simu yangu si dhamana ya mkopo wa mtu yeyote. Ila ni kweli kwamba jioni ile nilishindwa kuendelea kudanganya, hata kama ningetaka.

Mume wangu alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Deni tungelilipa, mama watoto. Mwaka mzima na nusu umenifanya mgeni ndani ya nyumba yangu." Kesho yake alimwita wifi yangu, ambaye ni mhasibu, tukakaa mezani na kaunta buku. Wifi alinitaka niandike kwa mkono wangu mwenyewe kila ninayedaiwa naye na kiasi chake. Programu sita zilikuwa 1,140,000. Kausha damu 1,500,000. Walimu wenzangu na mwenye duka la jirani 290,000. Jumla ikawa shilingi 2,930,000. Kichwani mwangu deni lile lilikuwa halina mwisho, na kumbe lilienea kwenye nusu ukurasa. Nilimtazama wifi nikacheka, naye akaniuliza kama nina akili timamu.

Tuliuza jokofu, mume wangu akachukua mkopo kwenye SACCOS, chama cha akiba na mikopo cha kazini kwake, na kwa fedha hizo kadi yangu ikarudi kwanza. Waliobaki tuliwalipa kidogo kidogo kwa miezi kumi na minne, na hapo sina mengi ya kusimulia. Ilikuwa dagaa, kutembea kwa miguu na kaunta buku. Wanaosema dawa ya deni ni kulipa wanasema kweli, hasa kama wao ndio wanaodai. Mdaiwa hubaki na mambo ambayo risiti haiyagusi. Mume wangu, kwa mfano, hadi leo huniuliza bei ya kitu mara mbili, na sina haki ya kukasirika.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Niliisoma kwenye simu nikiwa ofisini, nikakuta nne kati ya sita zangu. Kwa mara ya kwanza nilimkasirikia mtu mwingine asiyekuwa mimi, na hasira ile, nakiri, ilinifaa kuliko pole zote nilizopewa.

Sasa nirudi kwenye swali lenu. Septemba 2025, mwezi wa kwanza nisiodaiwa na mtu, nilikwenda kutoa mshahara peke yangu, kwa kadi yangu, nikiwa nimebadilisha namba ya siri. Mashine ilinipa fedha zote nilizoomba. Nilipogeuka nilijikuta namtafuta kijana yule kwa macho, noti nimezishika mkononi, nimekwisha kuanza kuzihesabu kwa sauti.

Msomaji wenu,
Morogoro