Kwa anayeanza kupima damu ya wagonjwa wa moyo kwa spektrometa ya tungamo

Mwanabiokemia mpya kwenye maabara ya utafiti wa moyo hutamani kukalia kiti cha mbele ya spektrometa, mashine inayopima uzito wa molekuli, tangu siku ya kwanza. Anza na pipeti. Weka kikombe kidogo juu ya mizani, tia mikrolita 100 za maji mara kumi, andika uzito kila mara. Kila tone lisome karibu na miligramu 100, na mtawanyiko usizidi asilimia 1. Ukiyaweza maji, hamia kwenye plazma, yaani majimaji ya damu bila seli zake, ambayo ni nzito na huacha utando ndani ya ncha. Kisha metanoli, ambayo hudondoka yenyewe kabla hujaifikisha kwenye kijichupa. Metanoli ivute na kuirudisha mara mbili tatu ili ncha ilowe kwanza.

Tuchukue TMAO, molekuli ndogo ambayo mwaka 2011 watafiti wa Cleveland Clinic, Marekani, waliihusisha na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Bakteria wa utumbo huvunja kolini na karnitini za mayai na nyama, wakatoa TMA (trimethilamini). Ini huigeuza kuwa TMAO. Figo huitoa kwenye mkojo. Safari hiyo ijue kwa moyo, maana makosa mengi ya tafsiri yamejificha humo. Samaki wa baharini ana TMAO tayari kwenye mwili wake, hivyo TMAO ya aliyekula samaki hupanda mara kadhaa ndani ya saa chache hata kama moyo wake ni mzima. Ukikusanya damu Mombasa au Zanzibar, uliza mtu alikula nini jana na juzi, na achukuliwe damu asubuhi kabla hajala. Vilevile figo zikidhoofika, TMAO hujaa damuni kwa kukosa njia ya kutoka. Bila kreatinini ya mtu yuleyule, yaani kipimo cha kazi ya figo zake, huna cha kusema kuhusu moyo wake.

Upimaji wenyewe ni mfupi. Plazma mikrolita 20, metanoli ya baridi mikrolita 80. Ndani ya metanoli hiyo iwemo tayari TMAO nzito, yaani ile ambayo hidrojeni zake zote 9 zimebadilishwa kuwa deuteri, hidrojeni nzito. Tikisa dakika moja, zungusha kwenye sentrifuji kwa g 20,000 dakika 10, nyuzi 4 za Selsiasi. Protini hukatika kama tui lililokatika na kutuama chini. Chukua maji ya juu, usiguse mashapo. Mashine huchagua ioni (molekuli yenye chaji) ya TMAO yenye uzito wa 76, huivunja, kisha huhesabu kipande cha 58. Kwa ile nzito ni 85 na 66.

Kila moja huonekana kama kilele kwenye mchoro wa mashine. Unachotumia kukokotoa ni uwiano wa vilele hivyo viwili, si urefu wa kimoja. Chumvi na fosfolipidi za plazma zikitoka kwenye kolamu, mrija unaotenganisha molekuli kabla hazijaingia kwenye mashine, pamoja na TMAO hugombania chaji nayo, na kilele chake kinashuka. Ile nzito hutoka wakati uleule na kushuka kwa kiasi kilekile, kwa hiyo uwiano haubadiliki. Ndiyo maana huwekwa mwanzoni kabisa, kabla chochote hakijapotea. Kilele cha ile nzito kikianguka ghafla kwenye sampuli moja, toa kijichupa ukiangalie kwenye mwanga: mara nyingi kuna povu la hewa limekaa chini kabisa, na sindano imevuta hewa. Kigonge kwa kidole, rudia.

Mpangilio wa sampuli huharibu tafiti nyingi kuliko kemia. Ukipima wagonjwa wote asubuhi na wazima wote jioni, mashine ikichafuka polepole utapata tofauti ambayo haimo kwenye damu. Wachanganye kwa bahati nasibu. Kila baada ya sampuli kumi pitisha plazma ileile ya udhibiti, ambayo kiwango chake unakijua. Ikitoka nje ya asilimia 15 ya kiwango hicho, simamisha kazi. Baada ya sampuli ya ulinganisho yenye TMAO nyingi kuliko zote, pitisha metanoli tupu uone kama kuna mabaki.

Chupa za vimumunyisho usizioshe kwa sabuni. Ukiona safu ya vilele vinavyopishana kwa uzito wa 44, ni sabuni au plastiki. Bafa ya fosfeti nayo usiiingize, huganda kwenye mlango wa ioni kama chumvi kwenye birika.

Jifunze takwimu mapema, na R, programu ya takwimu, kama unaweza, kwa sababu daktari mtakayefanya naye kazi atakuuliza maana ya namba kabla ya kuuliza ilivyopatikana. Pia nenda wodini usimame karibu na muuguzi anayetoa damu. Kubalianeni aina moja ya chupa kwa wote, kwa mfano ya EDTA (kemikali inayozuia damu kuganda) yenye kifuniko cha zambarau. Saa ya kutoa damu na saa ya kuiweka kwenye friza ya −80 ziandikwe. Na plazma iliyotoka na wekundu iwekewe alama palepale, kabla haijaganda na kufanana na nyingine.