Tatuu ya jina la marehemu baba, na pingamizi la mama

Mdogo wangu, umeeleza kwamba unataka kuchora jina la marehemu baba mkononi, mama anaona ni uhuni, nawe unauliza kama mtazamo wake umepitwa na wakati.

Mtazamo wa jamii yetu umegeuka zaidi ya mara moja. Wamakonde wa kusini mwa Tanzania walichanjwa chale usoni na mwilini, zikatiwa rangi nyeusi ya mkaa, na alama hizo zilikuwa fahari ya kabila na ya utu uzima. Baadaye vijana waliacha desturi hiyo, wengine kwa kuogopa kuchekwa mijini. Leo wasanii na wachezaji mpira huonyesha michoro yao bila kificho, na vijana wengi hawaishangai tena.

Hata hivyo, taasisi hazijabadilika kwa kasi hiyo. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi Tanzania yamekuwa yakitaka mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini, kwa hiyo kama una ndoto ya kuvaa sare, na ninakusihi ulifikirie hili kwa uzito, usichore. Kuifuta tatuu kwa leza ni ghali, kunahitaji kurudiwa mara kadhaa na kunaweza kuacha kovu.

Ukiamua kuchora, hakikisha sindano ni mpya na imefunguliwa mbele yako, kwa sababu sindano iliyotumika huambukiza homa ya ini na VVU. Ikiwa makovu yako huvimba, muone daktari wa ngozi kwanza. Na mama mweleze kabla, si baada.