Mpini Niliompambia Baba Mkwe

Jumapili iliyopita msomaji mmoja alinitumia picha ya mpini wa shoka alioutia nakshi kwa moto. Majani yameanzia kitakoni yakapanda kwa kujizungusha hadi juu, na chini kidogo ya chuma ameweka pete tatu nyeusi, nene, zilizozama. "Fundi, unauonaje?" Mkono wake ni mwepesi kuliko wangu wa wakati ule, nakiri. Lakini zile pete zilininyima usingizi. Nilizichora mimi kabla yake, mahali palepale, na najua zilikonifikisha.

Miaka minne iliyopita ndipo nilipopata kalamu ya moto ya kweli. Kabla ya hapo nilihangaika na kile chuma cha mafundi redio cha kuyeyushia risasi, ambacho kuchoma kinachoma, ila ncha yake butu huandika kama kidole kilichochovywa kwenye masizi. Kalamu ilipofika nikajiona nimehitimu. Nilichoma vijiko, fremu za picha, vibao vya jikoni, hata mguu wa kiti chetu cha sebuleni (mwenye nyumba hajanisamehe hilo). Kisha baba mkwe akakaribia kutimiza miaka 70, nami nikaapa kwamba zawadi yake itakuwa shoka, na mpini nitautia nakshi mwenyewe.

Ilinichukua usiku tisa. Tai katikati, mabawa yamekumbatia mviringo wa mpini. Jina lake kitakoni. Na shingoni, pale mpini unapokaribia kuingia kwenye tundu la shoka, pete tatu. Nilitaka zionekane kwa mbali, basi nikapandisha moto wa kalamu hadi mwisho na kurudia kila pete mara nne, mara tano, mpaka ukucha ukawa unanasa ndani ya mfuo. Siku ya sherehe shoka lilipita mkono kwa mkono, watu wakalipiga picha, mimi nimesimama pembeni najifanya sioni.

Siku ya tatu simu ikalia. Mzee alikuwa akipasua magogo, na kwenye pigo la kumi hivi mpini ulikatika, kichwa cha shoka kikaruka hatua kadhaa na kuangukia majanini. Hakuumia mtu, namshukuru Mungu hadi leo. Ulikatikia wapi? Kwenye pete ya katikati, kama umepitiwa na msumeno. Mimi kimya. Akasema yeye, kwa upole ule unaouma kuliko tusi: "Mpini mzuri sana, mwanangu. Sasa nitafutie na wa kupasulia kuni."

Maneno hayo husemwa kila familia inapokutana. Mashemeji wameyakariri. Nami hucheka pamoja nao, cheko la meno tu.

Sasa nikwambie nilichokosea, kwa sababu ndicho unachokaribia kukosea wewe. Mpini unapopinda kwa pigo, nyuzi za nje za mbao ndizo zinazovutwa na kubanwa zaidi. Zile za katikati zina kazi ndogo. Mimi nilizunguka mpini mzima nikizikata nyuzi hizohizo za nje, tena shingoni, panapopokea mshtuko mkubwa kila pigo likipita gogo. Mbao iliyogeuka mkaa haina nguvu ya kuvutwa hata kidogo. Mstari unaokwenda na urefu wa nyuzi una madhara madogo. Mstari unaozikata kwa mviringo ukiwa na kina ni kama alama ya seremala ya "kata hapa."

Na kulikuwa na kosa jingine ambalo nililificha kwa muda mrefu: mbao yenyewe ilikuwa mbovu. Niliichagua kwa macho ya mchoraji, kwa kuwa ilikuwa nyeupe na laini, tai atakaa vizuri. Sikuutazama mwisho wa mpini, pale pete za ukuaji wa mti zinapoonekana. Pete hizo zinatakiwa zielekee upande mmoja na makali ya shoka, na ubavuni nyuzi zishuke kutoka shingoni hadi kitakoni bila kutokea nje njiani. Zangu zilikuwa zimekwenda mshazari. Watu husifu mipini ya mti wa hickory na wa ash kwa jinsi inavyomeza mshtuko, na sifa hiyo ni ya haki, lakini hata hickory ikipasuliwa mshazari itakuaibisha mbele ya wakwe.

Kwa hiyo, ndugu yangu, angalia mbao kwanza. Moto baadaye.

Ukishaikubali mbao, ondoa vanishi yote. Mipini mingi huja imepakwa, na ukichoma juu ya vanishi utavuta moshi mbaya na mstari utakuwa na kingo za kunata. Ikwangue kwa ukingo wa kioo au chuma, kisha msasa namba 80, halafu 120, malizia na 220. Pangusa kwa kitambaa chenye maji, nyuzi zisimame, acha pakauke, pitisha msasa laini tena. Kazi hii inachosha na haina la kusimulia. Ifanye.

Kuchoma kwenyewe ndiko kuzuri. Mpini si ubao. Una mgongo na tumbo, na kalamu inapozunguka mgongo mkono huinuka bila wewe kujua, mstari ukakonda. Mimi huuweka mpini mapajani juu ya mfuko wa mchanga na kuuzungusha wenyewe, mkono wa kalamu nimeutuliza. Kitu kilichonichelewesha miezi ni zile doa nyeusi mwanzoni mwa kila mstari, kama nukta za wino uliovuja. Zinatokana na kushusha kalamu na kutulia kabla ya kuanza. Shusha kalamu ikiwa tayari inakwenda, na iinue ikiwa bado inakwenda, kama ndege anayegusa maji bila kutua.

Utagundua pia kwamba mbao haichomeki sawasawa. Katika miti kama ash, kila pete ya ukuaji ina sehemu laini na sehemu ngumu. Kalamu huzama kwenye laini na kurukaruka kwenye ngumu. Anayeanza hukasirika na kuongeza moto. Nilikasirika, nikaongeza, matokeo yake umeshayasoma. Punguza moto, nenda taratibu, rudia mstari mara mbili kwa wepesi. Unataka rangi, kina achia wachongaji. Kahawia iliyokolea inaonekana vizuri kuliko unavyodhani, hasa ikishapata mafuta.

Wapo wanaotumia mwali wa gesi badala ya kalamu. Ukipitisha mwali haraka, sehemu laini hutangulia kuungua, na mpini huvaa milia kama ya pundamilia. Ni mapambo ya dakika kumi na siyadharau, japo mtu asiniambie kwamba ni kazi sawa na ya usiku tisa. Toa kichwa cha shoka kwanza. Chuma kikifikia rangi ya buluu kimefika karibu nyuzi joto 300, na makali yako yameshalegea.

Kuna mtindo mwingine, wa kuchora matawi ya radi kwa umeme, ambapo watu hutoa transfoma kwenye oveni mbovu ya maikrowevu. Hapo sina ushauri, nina ombi: usifanye. Umeme ule ni wa volti 2,000 hivi na umeua watu wengi, wakiwemo waliojua wanachofanya. American Association of Woodturners, chama cha wachongaji cha Marekani, kimeupiga marufuku kwenye hafla zake. Mtu anaacha watoto kwa ajili ya mapambo ya mpini! Tunapenda sana kuonekana. Tunataka watu wapige picha, tunasahau kuuliza shoka litafanya kazi gani kesho yake asubuhi. Nasema "tunapenda" kwa kuwa nilikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Mafuta hupakwa mwisho, kamwe si kabla ya kuchoma. Mimi hutumia mafuta ya kitani, tabaka jembamba, nafuta yanayobaki, nangoja, narudia. Kitambaa ulichopakia usikikunje ukakitupa pembeni. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichofungamana kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze nje kikauke.

Na shingo iache nyeupe. Shingo, na sehemu inayoingia kwenye tundu. Nimeshasema, nasema tena.

Nilimwandikia haya yote yule msomaji. Akajibu kwa mstari mmoja: "Lakini pete ndizo zinazopendeza." Nikamwambia azishushe kitakoni, azichome kwa rangi tu, na huo mpini aliokwisha kuuchoma autundike ukutani.

Mzee nilimpelekea mpini mwingine mwaka jana. Nyuzi zimenyooka, shingo tupu, tai mdogo wa kahawia katikati. Kitakoni, palipokuwa na jina lake, nilichoma maneno matatu: wa kupasulia kuni. Aliupokea, akaugeuza, akautazama mwisho wake kwa muda mrefu akizisoma pete za mti. Kisha ndipo akasoma maandishi. Hakusema kitu. Alitoka nao uani, na muda si mrefu nikasikia gogo la kwanza likipasuka.