Kipimo cha Koenzaimu Q10 Kinasema Nini?

SWALI: Ninatumia statini, dawa ya kushusha kolesteroli. Majibu ya kipimo cha koenzaimu Q10 katika plazima (sehemu ya majimaji ya damu) yameonyesha kiwango cha chini. Je, misuli yangu imepungukiwa?

JIBU: Si lazima. Koenzaimu hii, ambayo husaidia seli kuzalisha nishati, huyeyuka katika mafuta, na ndani ya plazima hubebwa na lipoprotini, yaani chembe zinazosafirisha mafuta katika damu, hasa aina iitwayo LDL, inayobeba kolesteroli nyingi. Hivyo statini, mbali na kuzuia hatua ambayo mwili huitegemea kutengeneza kolesteroli na koenzaimu hiyo pia, hupunguza vibebaji vyake. Ndiyo maana namba tupu hupotosha, na ni afadhali kuomba uwiano wake na kolesteroli.

Utunzaji wa sampuli nao una uzito, ingawa wengi huusahau. Zaidi ya asilimia 90 ya koenzaimu iliyomo kwenye plazima huwa katika umbo la ubikwinoli, ambalo hugeuka upesi kuwa umbo lake la pili, ubikwinoni, damu ikicheleweshwa, kwa hiyo anayetaka kupima kila umbo peke yake hana budi kutenganisha plazima mapema na kuigandisha kwenye nyuzijoto -80 za Selsiasi. Jumla ya maumbo hayo haiyumbi kiasi hicho.

Hali ya msuli hujulikana vyema zaidi kwa kupima kipande kidogo cha msuli wenyewe. Usiache dawa kabla ya kuzungumza na daktari wako.