Sarafu Haina 456: Kwa Wewe Unayeanza Kulipwa kwa USDT

Ndugu yangu, wewe unayeanza kulipwa kwa USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, kwa kazi za mtandaoni, najua mazoea uliyo nayo kwa sababu na mimi niliingia nayo. Tumelelewa na M-Pesa. Ukikosea namba, unaupeleka ujumbe wa muamala kwenye namba 456 kuomba pesa zirudishwe. Kabla ya kutuma unaonyeshwa jina la mpokeaji. Na mtu akiijua namba yako ya siri, bado ataihitaji laini yako. Kwenye sarafu za kidijitali kinga hizo hazipo, na matapeli wanaujua upungufu huo kuliko sisi.

Mimi nilinaswa nikiuza. Nilikuwa na USDT 180, nikapata mnunuzi kwenye soko la mtu kwa mtu, ambapo soko hushikilia sarafu zako mpaka ubonyeze kuziachilia baada ya kulipwa. Ilikuwa jioni, nimo ndani ya feri ya Likoni, watu wamesongamana, naye ananihimiza: nimeshalipa, achilia, nina mgonjwa. Nikatazama salio, pesa zimeingia kweli. Ila jina lilikuwa la mwanamke nisiyemjua. Nikadhani ni mkewe, nikaachilia. Kesho yake yule mama akanipigia akilia. Alidhani amelipia friji aliyoiona ikitangazwa mtandaoni. Tapeli alimpa namba yangu, mama akalipa, na mimi nikamkabidhi tapeli sarafu. Mama aliomba pesa zake, na ilikuwa haki yake. Shilingi zilirudi kwake. USDT hazikurudi, wala hakuna wa kuzirudisha.

Kwa hivyo jina kwenye M-Pesa lisipokuwa lile lile la mnunuzi aliyethibitishwa sokoni, usiachilie hata akilia. Wala usimrudishie pesa kwa namba nyingine atakayokupa. Fungua malalamiko ndani ya soko lenyewe, sarafu zibaki zimeshikiliwa. Ujumbe peke yake usikutosheleze, maana ujumbe wa uongo hutungwa, tazama salio. Na usikubali oda ukiwa njiani. Subiri ufike nyumbani, ukae, usome.

Sasa maneno ya siri. Pochi yako, yaani programu ya kutunzia sarafu, itakupa maneno 12 au 24, kwa kawaida ya Kiingereza. Aliye nayo ndiye mwenye pesa, awe Changamwe au Uchina, bila simu yako wala laini yako. Usiyapige picha, kwani picha nyingi hupanda zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni. Yaandike kwenye karatasi. Lakini hapa kwetu pwani karatasi ina maadui: unyevu, mvua inayovuja, mchwa. Nimeona wino uliogeuka doa la buluu ndani ya droo. Andika kwa penseli, funga vizuri kwenye nailoni, weka nakala mbili katika nyumba mbili za watu unaowaamini kwa dhati, au uyachonge kwenye bamba la chuma kisichoshika kutu. Na yeyote atakayekuomba maneno hayo, hata akijiita mhudumu wa pochi, ni mwizi. Hilo halina mjadala.

Anwani nazo, yaani zile herufi na tarakimu za pochi unayotumia pesa, zikague zote, si mwanzo na mwisho tu. Anwani ya TRON, mmoja wa mitandao inayosafirisha USDT, huanza na T na ina herufi na tarakimu 34. Tapeli hutengeneza inayofanana na ile unayoizoea kwenye ncha zote mbili, kisha hukutumia kiasi kidogo ili iingie kwenye orodha ya miamala yako, siku moja uinakili kwa haraka. Usinakili kutoka kwenye orodha hiyo. Kwa pesa nyingi, tuma kidogo kwanza, zikifika ndipo utume zilizobaki.

Akiba ya muda mrefu usiiache yote sokoni. FTX, iliyokuwa miongoni mwa masoko makubwa ya sarafu hizi duniani, ilianguka Novemba 2022 na watu wakazuiwa kutoa pesa zao.

Ukiibiwa, usifute chochote. Hifadhi namba ya muamala, mazungumzo na anwani, ripoti sokoni na polisi siku hiyo hiyo. Yule mama alinitumia mazungumzo yake na tapeli, nikayaambatanisha na malalamiko yangu, na akaunti ile ikafungwa. Wiki hiyo hiyo watu watatu walinitafuta wakidai wanaweza kuzirejesha sarafu zangu nikitanguliza ada kidogo. Wote watatu nilikataa.