Maswali ya wasomaji: Kampuni ya vito inawajibikaje kwa wanaovichimba?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Simanjiro, na wanafunzi wangu wengi ni watoto wa wanaapolo, yaani vibarua wa migodi ya tanzaniti. Tulikuwa tukijadili darasani kampuni za ng'ambo zinazouza bidhaa za anasa na kujitangaza kwamba zinasaidia jamii na maendeleo endelevu, ndipo mwanafunzi mmoja akauliza: kampuni ya vito ya Tiffany ya Marekani, iliyolipa jiwe letu la tanzaniti jina, inatufanyia nini? Naomba jibu nitakalompelekea.

JIBU: Mwalimu, swali hilo linastahili jibu lisilozunguka. Tanzaniti ilifahamika mwaka 1967 katika vilima vya Mirerani, na mwaka uliofuata Tiffany & Co. ya New York ikaipa jina hilo na kuinadi kwa wanunuzi wa Marekani. Tuwape haki yao: wao ndio waliolifungulia jiwe hili soko. Mwaka 2000 kampuni ilianzisha wakfu unaotoa ruzuku kwa kazi za kuhifadhi bahari na za kuhimiza uchimbaji unaojali mazingira, na baadaye ikaacha kuuza mapambo ya marijani ili kuinusuru miamba ya baharini. Haya ni mema, wala siyabezi.

Hata hivyo, ruzuku hutoka kwenye faida, jiwe likiwa limekwisha kuuzwa, na anayeamua iende wapi hayuko Mirerani. Mwanaapolo anayeshuka mgodini, ambaye kwa desturi hupewa chakula na kusubiri mgawo wa mawe yakipatikana badala ya mshahara wa mwezi, haguswi na uamuzi huo. Anaguswa na bei. Mwishoni mwa mwaka 2001, baada ya gazeti moja la Marekani kuihusisha biashara ya tanzaniti na ugaidi, Tiffany ilisitisha kuuza jiwe hilo, bei ikaporomoka, na maumivu yakawafikia watu ambao hawakuulizwa lolote. Mwezi Februari 2002 serikali ya Marekani ilisema haikuwa na ushahidi kwamba magaidi walikuwa wakinufaika na biashara hiyo wakati huo. Kwa maoni yangu, kipimo cha kwanza cha kampuni inayojali jamii ni hiki: je, mambo yakichacha, inabaki na wachimbaji ili kuusafisha mnyororo wa biashara, au inaondoka?

Kipimo cha pili ni mahali jiwe linapokatwa. Fundi huligeuzageuza jiwe mbele ya taa, kwa kuwa tanzaniti huonyesha buluu upande mmoja na zambarau upande mwingine, kisha huamua uso wake uelekee wapi. Akikosea, thamani inashuka, na akipatia, jiwe lililotoka mgodini likiwa na vumbi linakuwa kito cha kuvishwa pete. Ujuzi huo una malipo, na kwa miaka mingi malipo hayo yamekwenda Jaipur nchini India, ambako sehemu kubwa ya mawe yetu hukatwa. Tazama Botswana, ambako almasi ya Orapa iligunduliwa mwaka huohuo wa 1967. Serikali yake inamiliki kampuni ya uchimbaji ya Debswana nusu kwa nusu na De Beers, kampuni kubwa ya almasi duniani, na mwaka 2013 De Beers ilihamishia Gaborone mauzo ya almasi ghafi yaliyokuwa yakifanyika London. Tiffany nayo ilifungua karakana ya kukata almasi nchini humo. Huo ndio msaada ninaouheshimu zaidi, kwa sababu kijana aliyefundishwa kukata almasi anabaki na ufundi wake hata kampuni ikibadilisha wakurugenzi. Lakini haukuletwa na ukarimu peke yake: serikali ya Botswana ilibana, ikajadiliana, ikapata.

Nasi tumeanza. Ukuta wa zaidi ya kilomita 24 uliuzunguka mgodi mwaka 2018, mwaka 2021 serikali iliagiza biashara ya tanzaniti ifanyike Mirerani, na Kituo cha Jemolojia kilichoko Arusha kinafundisha ukataji wa vito. Aidha, marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Sheria hiyo inambana mwenye leseni, haimfikii sonara wa New York. Kwa hiyo mwambie mwanafunzi wako kwamba kampuni hiyo ilitupa soko, ila shule na zahanati za Simanjiro zidaiwe kwanza katika mpango ulioko halmashauri, ambao darasa lenu linaweza kuomba kuuona.

SWALI: Nataka kumnunulia mke wangu pete ya tanzaniti. Nitajuaje kwamba mchimbaji hakudhulumiwa? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Mpango wa Kimberley, ule wa kimataifa wa kuzuia almasi zinazogharimia vita, unahusu almasi ghafi pekee, kwa hiyo usikubali kutajiwa huo kwa tanzaniti. Muulize sonara mambo matatu: jiwe lilinunuliwa kwa nani, lilikatwa wapi, na nyaraka za mauzo ziko wapi. Akijibu kwa jina la duka lake tu, nenda duka jingine.